Uji wa Viwavi Sugu

Nilikuwa nimefika kishimo cha ishirini na tisa cha trei. Kiwavi aliyekuwemo nilimgusa ubavuni kwa ncha ya brashi, akajikunja kama pete, akatulia kidogo, kisha akarudi kula.

"Hai," nikasema.

Daktari akaandika. Nikahamia cha thelathini. Hai. Cha thelathini na moja, hai, tena mnene. Wa thelathini na mbili alikuwa anajivua ngozi na hakutaka kusumbuliwa, lakini alikuwa hai kuliko mimi.

"Thelathini na mbili kwa thelathini na mbili," Daktari akasema, akaweka kalamu chini.

Hiyo ilikuwa trei ya tatu asubuhi ile. Viwavi tisini na sita walikuwa wamekula kwa siku saba uji uliochanganywa na protini ya Kumi na Saba, na hakuna hata mmoja aliyekufa.

"Hawa hawakula sumu, Mpishi," alisema. "Hawa walikuwa harusini."

Wananiita Mpishi kwa sababu nilikuwa mpishi. Miaka kumi na miwili nilipika kwenye kantini ya kituo hiki cha utafiti. Aliyekuwa akilisha viwavi akaondoka, wakaanza kuulizana ni nani anayeweza kukoroga sufuria kila siku bila kuunguza. Nikavuka ua nikiwa na aproni yangu. Shule niliiacha mapema, lakini nina daftari, na kila neno la maabara nisilolijua nililiuliza mara mbili: kwanza kwa aliyelisema, halafu kwa mtu mwingine, nione kama majibu yanafanana. Wateja wangu wa siku hizi hawana makuu. Hakuna aliyewahi kurudisha sahani.

Kazi yenyewe ni hii. Wapo bakteria wa udongoni wanaotengeneza protini inayoua viwavi. Mtu akiila haimfanyi kitu, maana tumbo lake halina mahali pa kuishikiza. Kiwavi akiila, inanasa kwenye ukuta wa utumbo wake na kuutoboa. Wakulima huinyunyiza kwenye mahindi yao. Lakini katika viwavijeshi wa huku kwetu walikuwepo wachache ambao protini hiyo hainasi utumboni mwao, hao wakapona, wakazaa watoto wa namna yao. Ndio tunaowaita sugu. Nondo wao ninao kizimba kizima, chumba cha pili kulia.

Daktari, ambaye si daktari wa watu na ana umri wa binti yangu wa pili, kazi yake ni kuigeuza protini hiyo, huku kidogo na kule kidogo, mpaka inase tena. Kila akiigeuza anaipa namba. Alianza na Moja miaka minne iliyopita. Kumi na Saba ndiyo iliyomfanya apite kwenye korido akiimba, kwa sababu kwenye vipimo vya chupa ilinasa kwenye utumbo wa viwavi sugu kuliko nyingine zote.

Sasa hakuwa anaimba.

"Labda kunasa si kutoboa," alisema. "Labda inafika pale inakaa tu, kama mgeni aliyeshika mlango akasahau alichofuata."

"Na ile ya zamani, isiyogeuzwa? Iliwaua viwavi wa kawaida?"

"Wote. Kwa hiyo uji ulikuwa sawa, trei zilikuwa sawa. Kibaya ni Kumi na Saba peke yake." Akafunga jalada lake. "Ijumaa hii Mkuu wa kituo anataka nimpe protini moja ya kwenda kujaribiwa kwenye mimea. Sina, basi anafunga mradi, na mimi nahamia kwa wale wanaochunguza ukungu wa mimea."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia ukweli. Tisini na sita kwa tisini na sita, wana afya njema, na wanamsalimia."

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Alipotoka niliosha brashi zangu, nikabandika uji wa vizimba. Uji wa viwavi ni unga wa maharage, hamira, vitamini, na unga wa mwani ambao ndio unaougandisha. Unachemka, unauachia upoe, na kama ni uji wa majaribio, ukifika nyuzi hamsini unamimina protini na kukoroga upesi. Ukiwahi, joto linaiharibu protini. Ukichelewa, uji unaganda mkononi mwako na kuwa vibonge.

Karatasi ya utaratibu iliyobandikwa ukutani inasema tupime kwa kipimajoto. Mimi sikuwa napima. Nilikuwa nashika jagi kwa vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, nahesabu hadi kumi. Nikifika kumi bila kuachia, ni hamsini. Miaka minne iliyopita ulizuka ubishi juu ya jambo hilo, vijana wa maabara wakanipangia majagi matano mezani. Kila jagi nilipotamka hamsini, kipimajoto hakikunipinga kwa zaidi ya nyuzi moja. Wakapiga makofi. Mmoja akasema mkono wa Mpishi hautaki betri. Kuanzia siku ile kipimajoto kililala drooni, na kwenye fomu, palipoandikwa joto la kuchanganyia, nikawa naandika 50 na kutia sahihi. Daktari akawa anatia sahihi yake chini ya yangu.

Uji wa Jumatatu ile ulikuwa wa kawaida, hauna protini, wala haukuhitaji kuhesabiwa. Lakini mkono una mazoea yake. Nilishika jagi, nikahesabu hadi kumi, nikalinyanyua. Likateleza kidogo, kama vitu vilivyokuwa vikiniteleza siku hizo, nikalizuia kwa kidole cha mwisho.

Niliruka. Uji ulimwagika mezani, mvuke ukapanda.

Nilikitazama kile kidole kidogo kama mtu aliyerushiwa neno na mtoto mbele ya wageni. Kisha nikalishika jagi tena kwa vile vitatu. Nikahesabu hadi kumi, nikaenda hadi kumi na tano. Vuguvugu tu. Nikaweka kidole cha mwisho. Sikufika mbili.

Sikuamua kitu hapo hapo. Nilijiambia huenda kidole kidogo kina mchubuko. Nikakitazama chini ya taa na kwenye mwanga wa dirisha; hakikuwa na mchubuko. Nikafuta meza, nikamimina uji kwenye trei, nikaenda nyumbani saa yangu ya kawaida.

Mke wangu ni fundi cherehani. Macho yake yameanza kuchoka, kwa hiyo kila jioni kabla ya chakula mimi ndiye ninayemtungia uzi kwenye sindano saba za kesho, nazichomeka kwenye kimto chake cha pamba zikiwa tayari. Tumeafikiana hivyo: yeye anashona, mimi natunga. Jioni ile nilikuwa bado kwenye ya pili wakati ameshaepua chungu.

"Leo unaitunga sindano au unaiposa?" aliuliza.

"Uzi huu mbovu."

"Jana ulisema sindano ndiyo mbovu. Juzi taa."

Niliulamba uzi tena. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Lete mkono. Funga macho."

"Chakula kinapoa, mama watoto."

"Kipo, hakina miguu. Funga macho."

Nilifunga. Nilimsikia akinishika kiganja.

"Hapa unasikia?"

"Bado."

"Na hapa?"

"Umeshaanza?"

Akakiachia kiganja. Nilipofungua macho nilikuta tone la damu kwenye gumba na jingine kwenye kidole cha shahada, na yeye ameiweka sindano chini, anatafuta kitambaa.

"Tangu lini?" alisema.

"Sijui."

"Wewe usijue? Wewe uliyeandika tarehe tuliyonunua ndoo?"

Basi nikaenda kuchukua daftari. Nilirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, yeye akinimulikia. Nilikuta nimeandika, kwa mwandiko wangu mwenyewe: *Jagi kubwa limevunjika. Mkono una ganzi asubuhi.* Miezi mitano iliyopita. Na baada ya hapo, moja baada ya nyingine, siku nilizopika uji wa Kumi na Tano, wa Kumi na Sita na wa Kumi na Saba. Zote tatu zilikuwa zimeshindwa.

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya jagi, na ya hamsini niliyoandika kwenye fomu, na ya Ijumaa. Alisikiliza huku akinifunga vidole kwa kitambaa, ingawa damu ilikuwa imekwisha kukauka.

"Ukisema, watakurudisha kantini?"

"Kantini ina mpishi wake. Na mpishi asiyesikia moto wa nini?"

"Usiposema?"

"Nisiposema, Ijumaa hiyo protini ya Kumi na Saba inafungiwa kabatini, na binti wa watu anaondoka akiamini kazi yake haikuwa nzuri. Na huenda ilikuwa nzuri. Au haikuwa. Hakuna atakayejua."

Alifunga fundo, akalikata kwa meno.

"Mimi nikimshonea mtu suruali, mguu mmoja ukatoka mrefu, naweza kumwambia ana kasoro ya mguu," alisema. "Wapo mafundi wanaofanya hivyo. Na wapo wateja wanaoondoka wakichechemea."

Tulikula. Sindano sita zilizobaki alizitunga mwenyewe, moja moja, akizisogeza mbali na kuzirudisha karibu, na ilimchukua muda mrefu kuliko mimi.

Jumanne nilifika kabla mlinzi wa mchana hajampokea mwenzake. Nilitoa kipimajoto drooni, nikakijaribu kwanza kwenye maji yanayochemka na kwenye barafu, maana nacho kililala siku nyingi. Kilikuwa kizima. Kisha nikachemsha uji, nikaugawa majagi matatu. La kwanza nilihesabu hadi kumi, nikatumbukiza: sabini na moja. La pili, sitini na nane. La tatu nililipa muda zaidi, nikitamani linitetee. Sabini.

Niliandika zote tatu kwenye karatasi, nikatia tarehe, nikakaa kwenye kigoda changu mpaka niliposikia viatu vya Daktari.

Alikuja na ripoti ameshaichapa. Neno *imeshindwa* lilikuwa kwenye mstari wa kwanza. Niliweka karatasi yangu juu yake.

"Hiki ni nini?"

"Ni joto langu la kuchanganyia. Lile ninaloliita hamsini."

Aliisoma. Akaisoma tena.

"Rudia," alisema.

Nilichemsha. Nilishika jagi mbele yake, nikahesabu kwa sauti. Nilipofika saba alinyoosha mkono naye akaligusa, akauvuta mkono haraka na kuufumbata. Mimi niliendelea hadi kumi, maana ndicho kipimo changu. Akasoma kipimajoto bila kusema namba.

"Lakini ya zamani iliua," alisema baadaye. "Kwenye jagi hilohilo, kwa joto hilohilo."

"Nimelifikiria hilo usiku kucha. Ya zamani naiona kama harage kavu, ulichemshe mchana kutwa linabaki harage. Hii yako huenda ni yai."

Alisimama akilitazama jagi. "Tuliigeuza sehemu tatu," alisema polepole. "Mojawapo ni pale inapojikunja. Inawezekana imelegea. Inawezekana sana. Nilitakiwa niliwaze hilo kabla yako."

"Wewe uliambiwa ni hamsini."

"Na nani alitia sahihi hapa chini?"

Nilimsogezea kigoda.

"Miaka minne natia sahihi joto ambalo sijaliona," alisema. Alikaa kwenye kigoda changu. Sikuwahi kumwona akikasirika, na hata sasa sauti haikupanda, ilishuka. "Miezi mitano, Mpishi. Wiki iliyopita nilimwambia mama kwamba pengine akili yangu haitoshi kwa kazi hii. Alinijibu nirudi nyumbani nipumzike. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta begi."

"Nimekukosea."

"Umenikosea, ndiyo." Alijipangusa uso kwa mkono wa koti. "Hizo mbili nyingine, Kumi na Tano na Kumi na Sita, nazo ni wewe?"

Nilimfungulia daftari, nikamwonyesha tarehe. Alipiga picha kurasa zote, kisha akaitoa ripoti yake chini ya karatasi yangu na kuikunja mara nne.

"Twende kwa Mkuu," alisema. "Wote wawili. Na ulete jagi."

Mkuu wa kituo ana miwani ya kusomea na miwani ya kumtazama mtu. Alituvalia ya pili. Nilisema mimi, tangu mwanzo, na nilipomaliza Daktari akasema habari ya sahihi yake. Mkuu akageuza jagi tupu mezani kana kwamba limeandikwa kitu kwa chini.

"Nani alikugundua?"

"Kidole changu cha mwisho," nikasema.

"Nauliza ni mtu gani."

"Hakuna, Mkuu. Mke wangu, baadaye."

Akaguna. "Nitakuandikia barua ya onyo."

"Ni haki."

"Na wewe, Daktari, nakala." Alivua miwani, akavaa ile nyingine, akatazama kalenda. "Lakini Ijumaa haisogei. Taarifa yangu kwa wanaotufadhili inaondoka saa tisa. Kupima ni siku saba, na leo ni Jumanne. Huna protini iliyofaulu, nafunga."

Daktari alitazama mikono yake. Nilijua anahesabu, na nilijua hesabu haimtoshi. Hapo ndipo niliposema jambo ambalo wapishi wote wa viwavi wanalijua, ila hakuna anayewauliza.

"Mkuu, kwani ni lazima wafe?"

"Kazi yetu ni nini, Mpishi? Kuwabembeleza?"

"Watakufa kwa wakati wao. Lakini kiwavi akitobolewa utumbo, kwanza anaacha kula, siku ileile. Na asiyekula haendi choo. Mimi kila asubuhi kabla sijamgusa mtu kwa brashi huwa natazama choo, ndipo najua nani mgonjwa. Tukiwaweka Alhamisi saa tatu asubuhi, Ijumaa saa tatu nakuhesabia."

"Unanihesabia mavi."

"Kwa kishimo."

Mkuu alimgeukia Daktari. "Niandike hivyo? Kwamba tumehesabu mavi?"

"Andika kwamba tumepima kasi ya ulaji kwa njia ya kinyesi," alisema Daktari. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile kumsikia akiwa na sauti yake. "Watu wanaipima hivyo, Mkuu. Si yeye peke yake."

Mkuu aligonga kalamu mezani. "Hayo hayatoshi kuipeleka protini kwenye mimea," alisema. "Lakini yanatosha kunizuia nisifunge. Mkiniletea tofauti ya maana, nawapa miezi mitatu, na Kumi na Tano na Kumi na Sita zipikwe upya. Na kuanzia leo joto linasomwa na watu wawili." Kisha akaninyooshea kalamu. "Wewe kesho nenda kwa nesi. Sitaki kusikia umekwenda keshokutwa."

Jumatano nesi alinigonga kwa ncha ya kidole chini ya kiganja, mahali kifundo cha mkono kinapoanzia, na umeme ukanipita hadi kwenye gumba. Alifurahi kama amepata alichopoteza.

"Mshipa wa fahamu umebanwa hapo," alisema. "Umekoroga miaka mingapi?"

"Ukijumlisha kantini na viwavi, ishirini na tatu."

"Basi mkono umeomba likizo, na wewe hukusoma barua." Alinifunga kibao cha kuunyoosha, nilale nacho. Kama hakitasaidia kuna upasuaji mdogo, wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Alisema wengi hisia zinawarudia, hasa wasiochelewa. Nilimuuliza kama miezi mitano ni kuchelewa. Alisema si sana. Nimeandika *si sana*.

Alhamisi tulianza saa moja na nusu. Protini ya Kumi na Saba iliyobaki kwenye friji ilitosha trei mbili tu, na Daktari alikuwa ameamua zitumikeje: trei moja nichanganye kwa nyuzi hamsini za kweli, nyingine kwa nyuzi sabini, makusudi, nilivyokuwa nikifanya. Ya tatu uji mtupu.

"Ya sabini ya nini?" nilimuuliza. "Si tungezipika vizuri zote mbili, tupate viwavi wengi?"

"Bila hiyo nitajuaje kwamba kosa lilikuwa moto? Naweza kukusingizia bure."

Nilikubali. Si kila siku mtu anatafutiwa ushahidi kabla ya kulaumiwa.

Viwavi sikuchukua wachanga. Nilichukua sugu wa siku sita, ambao choo chao kinaonekana, na nilikuwa nimewanyima chakula tangu jioni ili waanze wakiwa watupu. Nilikoroga kwa mkono wa kushoto. Daktari alishika kipimajoto ndani ya jagi na kusoma kama anayetangaza matokeo ya mpira.

"Sitini na moja. Hamsini na nane. Taratibu, unakigonga kipimajoto. Hamsini na tano."

"Huu mkono haujasoma."

"Usome leo. Hamsini na mbili. Hamsini na moja."

Hamsini. Alisema mara moja, akainama nami nikainama, nikasoma mwenyewe. Ndipo akamimina. Uji ulikuwa mzito kuliko nilivyouzoea, na nikatambua kwamba kwa miezi mitano nilikuwa nikijisifu jinsi unavyomiminika vizuri.

Saa tatu kasoro dakika tano kiwavi wa mwisho alikuwa kishimoni. Kila mmoja chumba chake, maana ukiwaweka wawili asubuhi unamkuta mmoja. Tulifunika trei, tukaziingiza kwenye kabati la joto, tukatia sahihi, yeye kwanza safari hii.

Mchana nilifanya kazi nyingine. Nilisafisha vizimba, nikabadilisha maji ya sukari ya nondo. Daktari alipita mbele ya kabati mara nne kutafuta vitu ambavyo havikai huko. Saa kumi akaja akasimama.

"Nione tu."

"Zimepita saa saba tu, si saa ishirini na nne."

"Sihesabu, Mpishi. Naangalia kwa juu ya kifuniko."

Nilitoa trei, kwa sababu na mimi nilitaka. Tukaziweka chini ya taa yenye kioo cha kukuza. Ya uji mtupu ilikuwa kama mtu amemwaga pilipili manga kila kishimo. Ya sabini ilikuwa vilevile, pilipili kila mahali, viwavi wamezamisha vichwa kwenye uji.

Ya hamsini alinisogezea mimi kwanza.

Vishimo vingi vilikuwa safi. Punje moja, punje mbili, kisha basi. Viwavi walikuwa wameuacha uji. Wengine walikuwa wamepanda ukutani, wengine wamejibandika kwenye kifuniko, hawana habari. Uji wao ulikuwa umemong'onyolewa kidogo pembeni, kama mkate aliouonja mtoto akaghairi.

Daktari alisogeza taa. Aliinama, akainuka, akainama tena. Mkono wake ulikuwa umeshika kona ya aproni yangu, nadhani bila yeye kujua.

"Huyu," alisema mwishowe, akigusa kifuniko kwa ukucha. "Kishimo cha kumi na tisa. Huyu bado anakula."

Nilitazama. Kweli alikuwa anakula, tena kwa bidii, na nyuma yake kulikuwa na rundo.

"Na wa saba pia," nikasema. "Na yule pale wa mwisho, sina hakika."

"Labda watatu. Labda watano." Alianza kusogeza kidole safu kwa safu. "Moja, mbili, hapa tatu…"

"Daktari."

"Naangalia tu."

"Unahesabu. Ukihesabu leo, kesho jicho litatafuta namba ya leo."

Aliondoa kidole. Nilirudisha trei kwenye kabati, ya mtupu juu, ya sabini katikati, ya hamsini chini, nikahakikisha joto la kabati, akalisoma na yeye. Kisha nikachora jedwali la kesho kwenye karatasi safi, mistari tisini na sita, na nafasi mbili za sahihi. Mkono wa kushoto unaandika kama kuku aliyekanyaga wino, lakini namba zinasomeka.

"Kumi na tisa atakuwa na nini?" aliuliza Daktari kutoka mlangoni, koti amevaa nusu.

"Sijui. Ukifika kesho, uje na kibanio na kichupa. Akiwa bado anakula, tutamtoa tumlee peke yake."

"Umlee?"

"Tumlee. Huyo ndiye atakayekuambia Kumi na Nane ikae vipi."

Alicheka kidogo, akavaa mkono wa pili wa koti. Nilifunga droo, nikaacha kipimajoto kwenye glasi yake mezani, nikavaa kibao changu, nikaenda kutunga sindano zozote nitakazoweza.